Managu na Saga kwa Malai: Shajara ya Mapishi ya Ukoo

Mwisho wa Machi: lengo la kazi

Shajara hii inafuatilia kazi ya kuyaandika mapishi ya mboga ya malai ambayo katika ukoo wetu yamepokezanwa jikoni tangu enzi za bibi mzaa baba, huko Vihiga, bila mtu yeyote kuyaweka kwenye karatasi. Mboga yenyewe ni managu na saga, zilizopikwa polepole kwa maziwa, zikalazwa, kisha zikamaliziwa kwa malai yaliyoanza kuchacha. Huandaliwa kando ya kuku au samaki, na mara nyingi hutosha kuwa kitoweo cha ugali peke yake. Wajukuu wengi wa bibi sasa tunaishi Nairobi, tunapikia gesi, tunanunua maziwa ya pakiti, na kila anayejaribu mapishi haya hulalamika kwamba maziwa yamekatika au kwamba mboga imebaki chungu. Shangazi, ambaye ndiye aliyebaki na mapishi yote kichwani, alipoombwa vipimo kwa simu alijibu, "Mwanangu, tia maziwa ya kutosha," kisha akaanza kuuliza habari za watoto.

Nimeazimia kwenda kwa utaratibu: kila kitu kipimwe kwa mizani ya jikoni, kibadilishwe kiungo au hatua moja tu katika kila upishi, na matokeo yaandikwe siku hiyohiyo kabla ulimi haujasahau. Binamu mmoja anadai kwamba tatizo ni mwinuko wa Nairobi, kwamba maji huchemka mapema na mboga haziivi ipasavyo. Dai hilo nimeliondoa mapema. Ni kweli kwamba jiji hili liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi za Selsiasi, lakini Vihiga nayo iko kati ya mita 1,300 na 1,800, kwa hiyo bibi alipika katika hali isiyotofautiana sana na yetu.

Mwanzo wa Aprili: sokoni

Soko la Kangemi, lililo kando ya barabara ya Waiyaki, limenifaa kuliko masoko mengine ya jijini kwa sababu wakazi wengi wa mtaa huu wana asili ya magharibi mwa Kenya, na mama mboga wa hapa hahitaji kuelezwa saga changa ni ipi. Mvua za masika zimeanza na mafungu yamenenepa. Zipo mboga zinazofika alfajiri kwa magari ya usiku kutoka magharibi, na zipo zinazolimwa viungani mwa Nairobi. Za viungani huwa mbichi zaidi, lakini mnunuzi hana budi kuuliza zilinyweshwa maji gani, maana kando ya mito ya jiji hili kuna mashamba yanayotumia maji yenye taka za viwanda na za majumbani. Mchuuzi asiyetaka kulijibu swali hilo namwachia mboga zake.

Managu yanayouzwa hapa ni ya namna mbili. Ya majani mapana, ambayo wataalamu huyaita Solanum scabrum, huzaa matunda ya zambarau iliyokolea na uchungu wake ni wa wastani. Ya majani madogo, Solanum villosum, huzaa matunda ya rangi ya chungwa na uchungu wake humfuata mlaji hadi kooni. Shangazi hutumia ya majani madogo tu, na yale mengine huyaita mboga ya watoto. Nimeamua kuchanganya nusu kwa nusu, kwa kuwa mapishi haya yataliwa pia na wakwe na marafiki ambao hawakulelewa na uchungu huo. Vitunda vya kijani vilivyobaki kwenye vikonyo huondolewa vyote, kwa sababu vikiwa vibichi ndivyo vyenye alkaloidi nyingi zenye sumu.

Saga, yaani Cleome gynandra, hutambulika kwa vijani vitano vinavyotoka kwenye kikonyo kimoja na kwa nywele laini zinazonata vidoleni wakati wa kuchambua. Hununuliwa ikiwa bado haijatoa maua meupe, kwa sababu ikishachanua majani hukakamaa na uchungu huzidi. Kilo moja ya saga ilinipa karibu nusu kilo ya majani baada ya kuchambuliwa, ilhali managu yalipoteza kiasi cha theluthi. Kuanzia sasa vipimo vyote vya shajara hii ni vya majani yaliyokwisha kuchambuliwa, kwa maana fungu la mchuuzi hunenepa na kukonda kulingana na mvua na bei ya siku.

Mboga hizi zilidharauliwa mijini kwa muda mrefu, zikahesabiwa kuwa magugu au chakula cha wasio na kitu. Watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta wamechangia sana kuzirudishia heshima, na mwaka 2021 juhudi za Kenya za kuendeleza vyakula vya asili ziliingizwa na UNESCO kwenye rejista yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Heshima imerudi, lakini jikoni mambo yamebadilika: hoteli nyingi za Nairobi zinazouza managu huyakaanga kwa kitunguu na nyanya tele, na nyanya zikishaingia maziwa hayana nafasi tena, kwa kuwa asidi yake huyakata papo hapo. Katika mapishi ya kwetu hakuna nyanya wala kitunguu.

Aprili, wiki iliyofuata: munyu

Kiungo ambacho binamu zangu wote wamekiacha ni munyu wa kienyeji, yaani maji yaliyochujwa kwenye majivu. Sababu yao ni kwamba munyu hutumika kulainisha mboga, na kwamba gesi hulainisha vya kutosha. Kabla ya kukubali au kukataa hoja hiyo ilinibidi niwe na munyu wenyewe.

Jirani mmoja anayelima Kabete alikuwa amehifadhi mabua na maganda ya maharagwe yaliyovunwa mwanzoni mwa mwaka. Niliyachoma juu ya bati safi uani hadi yakawa majivu ya kijivu hafifu, nikayaacha yapoe kabisa, nikayachekecha ili kuondoa vipande vya mkaa. Kopo la bati lilitobolewa matundu madogo kitakoni kwa msumari, likatandikwa nyasi kavu zilizooshwa, likajazwa majivu hadi robo tatu na kushindiliwa kidogo kwa kiganja. Maji yalimiminwa juu yake kwa kikombe, kidogo kidogo, yakisubiriwa yazame kabla ya kuongezwa. Kwa muda mrefu hakikutoka kitu. Halafu tone la kwanza likaning'inia chini ya kopo, la kahawia iliyo wazi, likasita, likaanguka kwenye bakuli, na mengine yakalifuata kwa mwendo uleule. Yakisuguliwa kati ya kidole gumba na cha shahada huteleza kama sabuni. Matone ya mwanzo ndiyo makali kuliko yote, na maji yanayoongezwa baadaye hutoka yakiwa yamepungua nguvu, kwa hiyo niliyachanganya yote kwenye chupa moja ili ukali uwe sawa katika majaribio yote.

Nguvu ya munyu hutokana hasa na kabonati ya potasiamu iliyomo katika majivu. Magadi ya dukani, ambayo asili yake ni Ziwa Magadi katika Kaunti ya Kajiado, hufanya kazi ya namna hiyohiyo kwa chumvi za sodiamu, nayo ni makali zaidi. Katika jaribio la pembeni, kijiko kimoja cha chai cha magadi yaliyosagwa kiliigeuza nusu kilo ya majani kuwa rojo la kijani lenye ladha isiyotoka mdomoni. Asiyeweza kupata munyu atumie magadi ya ncha ya kisu, yayeyushwe kwanza kwenye maji, na asizidishe. Munyu wenyewe una hasara yake, kwa sababu alikali huharibu vitamini C pamoja na baadhi ya vitamini B. Hasara hiyo nimeikubali kwa kipimo kidogo, vijiko viwili vya mezani kwa kilo moja ya majani.

Katikati ya Aprili: maziwa na malai

Hapa ndipo penye mzizi wa malalamiko mengi. Maziwa ya pakiti yanayouzwa Nairobi kwa kawaida yamepitishwa kwenye mashine inayoyasukuma kwa shinikizo kubwa kupitia upenyo mwembamba, hadi chembe za mafuta zikavunjika na kuwa ndogo mno kuweza kuelea na kukusanyika juu. Mtu anaweza kuyaacha usiku kucha na asubuhi asipate cha kuengua. Bibi alikuwa na ng'ombe wa kienyeji, ambao maziwa yao ni machache lakini yana mafuta mengi, aghalabu asilimia 5 au zaidi, ilhali Friesian wanaofugwa kwa wingi karibu na Nairobi hutoa maziwa mengi yenye mafuta ya asilimia 3.5 hivi. Kwa hiyo hata "maziwa ya kutosha" ya Shangazi hayawezi kuwa kipimo kilekile katika jikoni mbili tofauti.

Mfugaji mmoja upande wa mji wa Kikuyu ana ng'ombe wa Jersey, ambao maziwa yao yanakaribia yale ya kienyeji kwa mafuta, na amekubali kuniuzia. Maziwa mabichi huchemshwa kwanza bila mjadala, kwa sababu bruselosi na maradhi mengine hupitia humo. Yakishachemka huipuliwa, humiminwa kwenye sufuria pana yenye kina kifupi, hufunikwa kwa kitambaa safi na kuachwa mahali penye ubaridi hadi asubuhi. Asubuhi hiyo tabaka la juu lilikuwa la manjano hafifu, limejikunja pembezoni mwa sufuria, na upawa bapa ulipopitishwa chini yake liliinuka karibu lote kwa mara moja, likiacha chini maziwa yenye weupe wa kibuluu. Lita moja ya maziwa ya Jersey ilitoa karibu nusu kikombe cha malai mazito. Ya Friesian ilitoa kama nusu ya hapo. Maziwa ya pakiti yalitoa ngozi nyembamba tu, ambayo ni protini zaidi kuliko mafuta.

Malai hayo yakitumiwa yakiwa bado matamu, mboga huwa nzito na yenye kulala ulimini. Bibi aliyakusanya kwenye kibuyu siku baada ya siku, na kufikia siku ya kupika yalikuwa yameshaanza kuchacha. Ukali huo mwepesi ndio unaoziamsha managu na saga, na ndio unaokosekana kwenye mboga za mjini. Kwa kuwa maziwa yangu yamechemshwa na bakteria wanaochachisha wamekufa pamoja na wale wa maradhi, nilitia kijiko kimoja cha chai cha maziwa lala kwenye mtungi wa malai, nikakoroga na kuuacha nje ya jokofu usiku mmoja. Usiku wa Nairobi majira haya ni wa baridi kwa kazi hiyo, hivyo mtungi uliwekwa kando ya jiko. Yalipotoa harufu ya mtindi, yaliingizwa kwenye jokofu.

Mwisho wa Aprili: sufuria mbili

Majani ya aina moja na ya uzito mmoja yaligawanywa katika sufuria mbili zinazolingana, yakainjikwa kwa maji sawa na moto sawa. Sufuria moja ilitiwa munyu, nyingine haikutiwa. Majani yalipoiva, zote mbili ziliongezwa maziwa, nusu kikombe kwa wakati.

Sufuria isiyo na munyu ilianza kuonyesha chembe nyeupe mara maziwa ya kwanza yalipochemka. Chembe zikakua, maji ya kijanimanjano yakajitenga, na majani yakapauka kuwa rangi ya kaki. Katika sufuria ya pili maziwa yalibaki laini, yakaungana na mchuzi wa mboga na kuwa mazito taratibu, na kijani chake kikazidi kukolea. Ulaini wa majani yenyewe ulitofautiana kidogo tu. Hoja ya binamu zangu kuhusu gesi, basi, ni sahihi na haihusiki: wameondoa munyu kwa sababu ya kazi yake ndogo, wakaipoteza na ile kubwa.

Maelezo yake si magumu. Maziwa mabichi yana pH, yaani kipimo kinachoshuka kadiri asidi inavyozidi, ya karibu 6.7. Kesini, protini yake kuu, huganda pH ikishuka hadi 4.6, lakini maziwa yakiwa motoni huanza kukatika mapema zaidi. Majani yanapochemka hutoa asidi zake, na malai yaliyochacha huleta nyingine juu yake. Munyu huzipooza asidi hizo kabla hazijakutana na maziwa. Kijani nacho hunufaika kwa sababu hiyohiyo, kwani katika asidi klorofili hupoteza magnesi yake na kubadilika rangi. Niliongeza jaribio moja dogo, la kutia munyu baada ya maziwa kukatika, nalo halikuokoa chochote: maziwa yaliyokwisha kukatika hayaungani tena. Munyu huingia na maji ya kwanza ama usiingie kabisa.

Nilimpigia Shangazi simu kumweleza matokeo haya kwa kirefu, pamoja na habari za kesini. Alinisikiliza hadi mwisho kisha akauliza, "Na wewe ulidhani tunautia kwa nini?"

Mwanzo wa Mei: uchungu

Jamaa wengi humwaga maji ya kwanza ya managu ili kupunguza uchungu. Nilipika hivyo upande mmoja, na upande wa pili nikabakisha maji yote. Mboga iliyomwagiwa maji ilikuwa pole lakini haikuwa na ladha ya kusimulia, na sehemu ya vitamini zinazoyeyuka majini ilikwenda nayo. Ile iliyobakishiwa maji ilikuwa chungu jioni ile, lakini baada ya kulala na kuongezwa maziwa siku ya pili uchungu ulikuwa umerudi nyuma kiasi cha kupendeza. Protini za maziwa hushikamana na polifenoli za majani, ambazo ndizo sehemu ya uchungu na ukakasi wa saga, na kazi hiyo huhitaji maziwa yaingie kwa awamu na yapewe muda. Kumwaga maji nimekufuta katika mapishi.

Mei, kabla ya Shangazi kufika

Jirani wa ghorofa ya chini, mama aliyezaliwa Mombasa, aliletewa bakuli ili aonje, na swali lake la kwanza lilikuwa kama malai yalitiwa mwisho. Alipoambiwa ndivyo, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwao mchicha wa nazi hupikwa kwa tui jepesi kwanza, na tui zito huingia mwishoni kwa moto mdogo, likikorogwa bila kuachiliwa ili lisikatike. Maziwa yetu, basi, yanashika nafasi ya tui jepesi, na malai nafasi ya tui zito. Sikutarajia kwamba ufafanuzi bora wa mapishi ya Vihiga ungetoka kwa mtu wa Pwani, lakini tangu hapo nimeutumia kuwaeleza vijana wa ukoo, na hueleweka upesi kuliko habari za pH.

Krimu ya dukani nayo imejaribiwa, ile ya boksi inayodumu muda mrefu. Haikatiki kirahisi na inaipa mboga uzito, kwa hiyo siwezi kuikataza. Ladha yake ni bapa. Ikichanganywa na vijiko viwili vya maziwa lala na kuachwa usiku kucha husogea karibu na ile tunayoitafuta, na kwa anayeishi katikati ya jiji, mbali na mfugaji yeyote, nadhani hiyo ndiyo njia ya uungwana.

Katikati ya Mei: Shangazi jikoni

Shangazi alikuja Nairobi kwa shughuli ya familia akafikia kwangu, na nikamwomba apike huku mimi nikipima. Ili nisimkatize, sikumwomba apimie vikombe. Nilipima mtungi wa maziwa, chupa ya munyu na bakuli la malai kwenye mizani kabla hajaanza, kisha nikavipima tena kila alipovirudisha mezani. Tofauti ya uzito ndiyo kipimo chake. Kwa kilo moja ya majani alitumia munyu kidogo kuliko mimi, takriban kijiko kimoja na nusu, maziwa robo tatu ya lita kwa awamu tatu, na malai karibu gramu 200. Chumvi aliitia mara moja tu, mwisho kabisa, akieleza kwamba maziwa yanapozidi kupungua chumvi iliyotangulia huwa nyingi.

Mambo mawili hayakuweza kuonekana kwenye mizani. La kwanza ni mwiko. Hakukoroga kwa kuzungusha. Aliupitisha mwiko chini ya mboga na kuiinua, akaiacha ianguke yenyewe, na hivyo majani yalibaki majani badala ya kusagika. La pili ni namna alivyojua maziwa yametosha. Nilikuwa nimesimama na saa mkononi.

"Shangazi, umejuaje kwamba ni wakati wa kuongeza?"

"Weka hiyo saa. Sikiliza sufuria. Maji yakiwa bado mengi hutokota mbio mbio. Mboga ikishayanywa maziwa, povu hupasuka moja moja, zito. Hapo ndipo inapoomba mengine."

Niliinamisha sikio na tofauti ikasikika wazi kabisa. Kwenye karatasi nimeandika dakika kumi hadi kumi na tano kwa kila awamu, na pembeni nimeandika sauti hiyo, nikiwashauri wasomaji wangu waifuate sauti pale itakapopingana na dakika.

Malai hakuyamimina moja kwa moja. Aliipua sufuria, akangoja hadi mvuke ulipopungua, akachota upawa mmoja wa mchuzi wa mboga na kuuchanganya na malai kwenye bakuli hadi yakalegea, ndipo akayarudisha yote kwenye sufuria. Hatua hii haikuwa imetajwa katika simu yoyote. Nilipouliza kwa nini, alisema kwamba malai ya baridi yakitupwa kwenye mboga ya moto hushtuka, na akaendelea kuosha upawa.

Mwisho wa Mei: mapishi yalivyosimama

Nakala ninayowapelekea binamu na wapwa ni hii. Majani ya managu gramu 600 na ya saga gramu 400, yaliyochambuliwa na kuoshwa katika maji mengi hadi mchanga uishe, hutiwa kwenye sufuria yenye vikombe viwili vya maji yanayochemka ambayo yameshatiwa kijiko kimoja na nusu cha mezani cha munyu. Saga hutangulia kwa dakika kama kumi kwa sababu ni ngumu zaidi, managu hufuata, na sufuria huachwa wazi mwanzoni ili mvuke utoke na asidi za majani. Baada ya nusu saa hivi, maji yanapokuwa yamebaki kidogo chini, moto hupunguzwa na robo lita ya kwanza ya maziwa yaliyochemshwa huongezwa, mboga ikiinuliwa kwa mwiko mara kwa mara. Robo ya pili huingia wakati ya kwanza imekwisha kunywewa. Hapo mboga huipuliwa, hupozwa upesi na kulazwa. Bibi aliilaza kwenye chungu jikoni, lakini katika nyumba ya jijini ilazwe kwenye jokofu. Siku ya pili huinjikwa tena, huchemshwa vizuri hadi katikati, huongezwa robo lita ya mwisho, na inapokuwa nzito huipuliwa, hutiwa malai gramu 200 kwa namna iliyoelezwa hapo juu, na chumvi kwa kuonja. Hutosha watu sita wenye ugali wa wimbi.

Mboga iliyobaki hukaa kwenye jokofu siku mbili. Ipashwe moto kwa kiasi kitakacholiwa tu, kwa moto mdogo, na ikianza kuonyesha matone ya mafuta pembeni iongezwe kijiko cha maziwa ya moto na kuinuliwa kwa mwiko hadi iungane tena. Kuigandisha kwenye friza hakufai, kwani malai hujitenga ikiyeyuka na majani hutoa maji.

Limebaki suala la mpwa wetu asiyetumia maziwa kabisa. Shangazi anasema kwao mtu wa namna hiyo alipikiwa kwa karanga zilizokaangwa na kusagwa laini, zikalegezwa kwa maji ya moto na kutiwa mahali pa malai, na munyu ukapunguzwa kwa kuwa hakuna maziwa ya kulindwa. Karanga nimeshanunua Kangemi, na kazi hiyo itaanza mara mvua zitakapopungua, kabla saga haijaanza kutoa maua.